Vigezo na Masharti Kuzingatiwa: Mambo ya Kufahamu Kabla ya Kukubali Ofa ya Biashara

Na Mwandishi Wetu, Arusha

Maneno "vigezo na masharti kuzingatiwa" ni miongoni mwa maneno yanayosikika mara nyingi katika matangazo ya biashara nchini, na pengine ndiyo yanayosikilizwa kwa uchache zaidi. Redioni husomwa kwa kasi mwishoni mwa tangazo. Katika mabango huandikwa kwa herufi ndogo chini ya picha. Kwenye simu huwekwa nyuma ya kiungo ambacho mteja hubonyeza kukubali bila kukifungua. Hata hivyo, mara nyingi bei halisi ya kile kinachotangazwa imo ndani ya masharti hayo, wala haimo katika herufi kubwa zilizomvutia mteja.

Jambo hili linawagusa kwa karibu wakazi wa Jiji la Arusha na wa vijiji vilivyo katika miteremko ya Mlima Meru. Ni eneo lenye mzunguko mkubwa wa fedha: watalii huanzia hapa safari zao za hifadhini, na wakulima wa kahawa, ndizi na mbogamboga huleta mazao yao katika masoko ya Kilombero, Ngaramtoni na Tengeru. Siku za soko la Tengeru, yaani Jumatano na Jumamosi, mkulima huweza kuondoka na fedha taslimu za mauzo ya wiki nzima. Mtu huyo, sawa na mfanyakazi aliyepokea mshahara au kijana aliyepata simu yake ya kwanza, ndiye anayelengwa na ofa za kila namna: simu ya kulipia kidogo kidogo, mkopo wa papo kwa papo, kifurushi "bila kikomo", zawadi za promosheni na safari za bei nafuu.

Ofa si kosa. Punguzo la kweli humsaidia mlaji na huchangamsha ushindani. Kosa huanza pale ofa inapompa mteja picha isiyo ya kweli kuhusu anachonunua au kiasi atakacholipa. Makala haya yanaeleza sheria inavyosema, mahali masharti yanapojificha, na hatua ambazo mwananchi anaweza kuchukua kabla na baada ya kutoa fedha zake.

Sheria inavyosema

Sheria kuu inayohusika ni Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani (FCC). Pamoja na kulinda ushindani wa haki miongoni mwa wafanyabiashara, sheria hiyo ina sehemu mahususi za kumlinda mlaji.

Kifungu cha 15 kinamkataza mtu yeyote, katika shughuli za biashara, kufanya jambo lenye kupotosha au kudanganya, au lenye uwezekano wa kupotosha au kudanganya. Kifungu cha 16 kinakataza kutoa maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa na huduma.

Maneno "lenye uwezekano wa kupotosha" yana uzito mkubwa kwa mwananchi wa kawaida. Kifungu kinatazama mwenendo wenyewe na athari yake kwa mteja. Hakikuweka sharti kwamba lazima mfanyabiashara awe amedhamiria kudanganya. Kwa hiyo si sahihi kudhani kwamba mfanyabiashara yuko salama kwa sababu tu sharti liliandikwa mahali fulani kwa herufi ndogo. Ikiwa tangazo zima linamfanya mteja aamini jambo moja ilhali masharti yanasema jingine, hoja ya upotoshaji inabaki pale pale.

Ulinzi wa aina hii haukuanzia Tanzania. Tarehe 15 Machi 1962, Rais John F. Kennedy wa Marekani aliwasilisha kwa Bunge la nchi yake ujumbe kuhusu haki za walaji, ikiwemo haki ya kupewa taarifa sahihi na haki ya kuchagua. Mwaka 1985 Umoja wa Mataifa ulipitisha mwongozo wa kumlinda mlaji. Ndiyo sababu tarehe 15 Machi huadhimishwa kila mwaka, Tanzania ikiwemo, kama Siku ya Haki za Mlaji Duniani.

Maneno yanayobeba masharti

Kuna maneno machache ambayo mwananchi anapoyaona katika tangazo anapaswa kusimama na kuuliza.

"Hadi": tangazo la "punguzo hadi asilimia 50" halisemi kwamba kila bidhaa imepunguzwa kwa nusu. Huenda bidhaa moja tu imepunguzwa kwa kiwango hicho na nyingine zote kwa asilimia 5. Ulizia punguzo la bidhaa unayoitaka, na bei yake kabla ya ofa kuanza.

"Kuanzia": bei "kuanzia shilingi 200,000" ni bei ya chini kabisa, mara nyingi ya toleo dogo au la siku chache. Ulizia bei ya kile kilicho katika picha.

"Bure": ulizia unalazimika kununua nini kwanza, kwa kipindi gani cha bure, na utaanza kutozwa kiasi gani kipindi hicho kikiisha. Huduma ya majaribio ambayo hugeuka kuwa ya kulipia bila mteja kuulizwa tena ni chanzo cha kawaida cha makato yasiyoeleweka.

"Bila riba": mkopo unaweza kukosa riba lakini ukawa na ada ya maombi, ada ya usindikaji, bima na adhabu ya kuchelewa. Jumla ya hayo ndiyo gharama ya mkopo. Mikopo isiyo na riba ipo kweli, kwa mfano ile ya halmashauri inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo hutolewa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ina utaratibu wake rasmi kupitia ofisi za maendeleo ya jamii, na mwananchi hahitaji kumlipa mtu wa kati ili kuipata.

"Wahi, nafasi ni chache": maneno haya humnyima mteja muda wa kusoma. Ofa ya kweli haiharibiki kwa kuulizwa maswali mawili.

Vifurushi vya simu

Sekta ya mawasiliano imetoa somo ambalo wananchi wengi bado wanalikumbuka. Kwa muda mrefu walaji walilalamika kuhusu vifurushi vinavyoisha kabla ya matarajio, vinavyobadilishwa bila taarifa, au vinavyopotea muda wake unapokwisha hata kama havijatumika. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) iliandaa kanuni ndogo za usimamizi wa vifurushi zilizopangwa kuanza kutumika tarehe 2 Aprili 2021. Miongoni mwa mambo yaliyowekwa ni mteja kujulishwa matumizi yake yanapofikia asilimia 75 na asilimia 100 ya kifurushi. Siku hiyo hiyo bei mpya za vifurushi zilizua malalamiko makubwa, na Serikali ikaelekeza zisitishwe na bei za awali zirejeshwe.

Somo la tukio hilo ni kwamba sauti ya walaji inapofika mahali panapostahili huleta mabadiliko. Lakini bado ni wajibu wa kila mtumiaji kusoma maelezo ya kifurushi kabla ya kuthibitisha ununuzi. Maswali ya kujiuliza ni haya: muda wake unaisha saa ngapi, dakika zake ni za mitandao yote au mtandao mmoja, data yake inatumika wakati wote au usiku tu, "bila kikomo" ina maana kasi haipungui kamwe, au itapungua baada ya kiwango fulani, na kifurushi kikiisha, salio la kawaida litaanza kukatwa au huduma itasimama.

Mikopo ya papo kwa papo na ununuzi wa kidogo kidogo

Hapa ndipo masharti yaliyofichwa huleta hasara kubwa zaidi, kwa kuwa mteja huyagundua wakati tayari anadaiwa.

Tuchukue mfano wa kukokotoa. Tangazo linasema: "Pata shilingi 100,000 ndani ya dakika tano." Mteja anapokubali, anapokea shilingi 85,000, kwa sababu shilingi 15,000 zimekatwa kama ada ya usindikaji. Baada ya siku 14 anatakiwa kulipa shilingi 110,000. Amelipa shilingi 25,000 kwa kutumia shilingi 85,000 kwa wiki mbili, yaani zaidi ya asilimia 29 ya fedha zilizomfikia mkononi. Tangazo halikusema uongo kuhusu dakika tano. Lilinyamaza kuhusu gharama.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwaweka watoa mikopo hawa chini ya usimamizi wa Benki Kuu ya Tanzania. Watoa huduma wa Daraja la Pili, yaani wale wanaokopesha bila kupokea amana, wanatakiwa kuwa na leseni, na ukomo wa riba uliowekwa kwao ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa mkopo wa shilingi 85,000, riba ya mwezi mzima haizidi shilingi 2,975. Mwananchi akilinganisha kiasi hicho na kile anachodaiwa katika mfano ulio hapo juu, ataona mara moja kwa nini inafaa kuhoji kila ada inayoongezwa kando ya riba.

Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikitoa mikopo mtandaoni bila kibali. Kabla ya kupakua programu ya mkopo, hakikisha mtoa huduma ana leseni ya Benki Kuu, na tazama programu inaomba kufikia nini kwenye simu yako. Programu inayotaka orodha yote ya watu unaowasiliana nao inajipatia njia ya kukudhalilisha mbele yao ukichelewa kulipa. Taarifa hizo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na lalamiko linaweza kupelekwa kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Ununuzi wa kidogo kidogo nao unahitaji hesabu. Simu inayouzwa shilingi 350,000 taslimu inaweza kutangazwa kwa kianzio cha shilingi 60,000 na malipo ya shilingi 1,500 kwa siku. Shilingi 1,500 ni nauli ya siku moja, hivyo haishtui. Lakini kwa siku 365 malipo hayo yanafika shilingi 547,500, na pamoja na kianzio ni shilingi 607,500. Tofauti na bei taslimu ni shilingi 257,500. Mfanyabiashara ana haki ya kupata faida kwa kukopesha, na mteja anaweza kukubali gharama hiyo kwa hiari yake. Linalotakiwa ni mteja aambiwe jumla hiyo kabla ya kusaini, pamoja na kitakachotokea akikosa malipo: simu itafungwa, itachukuliwa, au fedha alizokwisha kulipa zitapotea.

Zawadi na promosheni

Sheria ya Ushindani inakataza kutangaza zawadi bila kuwa na nia ya kuzitoa kama zilivyotangazwa, na inakataza pia kuwavuta wateja kwa bidhaa ya bei ya chini ambayo muuzaji hana akiba ya kutosha kuiuza. Aidha, promosheni zinazochezeshwa kwa bahati nasibu zinahitaji kibali cha Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, iliyo chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003.

Kwa mwananchi, kipimo rahisi ni hiki: mshindi halisi halipi fedha ili apewe zawadi. Anayekupigia simu akisema umeshinda pikipiki, ila utume kwanza "kodi" au "gharama za usafiri" kwenye namba yake, hakupi zawadi bali anakuibia. Ujumbe au namba ya aina hiyo itumwe TCRA kupitia namba 15040, na kama fedha zimekwisha kutumwa, taarifa itolewe haraka kwa mtoa huduma wa fedha na kituo cha Polisi.

Safari za bei nafuu na Mlima Meru

Wakazi wa Arusha na wageni kutoka mikoa mingine wamezidi kuvutiwa na utalii wa ndani, hasa misimu ya sikukuu. Ofa za safari ni nyingi, na bei zake hutofautiana sana kwa sababu hazijumuishi mambo yale yale.

Mfano mzuri ni kupanda Mlima Meru wenye urefu wa mita 4,566, ulio ndani ya Hifadhi ya Taifa Arusha. Safari hiyo huanzia lango la Momella, huchukua siku tatu au nne, na wapandaji hulala katika vibanda vya Miriakamba na Saddle. Kwa kuwa njia ya chini hupita kwenye makazi ya nyati na tembo, kundi huongozwa na askari wa hifadhi mwenye silaha. Kila kimoja kati ya hivyo kina gharama. Kwa hiyo ofa ya safari ya Meru iulizwe: je, bei inajumuisha kiingilio cha hifadhi kwa siku zote, malazi ya vibanda, askari, mwongozaji, wapagazi, chakula, usafiri wa kwenda na kurudi Momella, pamoja na kodi? Mteja anayeambiwa langoni kwamba kiingilio hakikuwemo huwa amebakiwa na machaguo mawili mabaya, kulipa zaidi au kurudi nyumbani.

Wakala wa safari anatakiwa kuwa na leseni iliyotolewa chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008. Omba kuiona, pamoja na anuani ya ofisi yake. Usikabidhi fedha kwa mtu wa kukutana naye mtaani asiye na ofisi wala risiti.

"Bidhaa ikishauzwa hairudishwi"

Tangazo hili hubandikwa katika maduka mengi, na wateja wengi huamini kuwa linafunga mlango wa haki zao. Sivyo. Sheria ya Ushindani inaingiza katika mkataba wa mlaji masharti ya lazima, ikiwemo kwamba bidhaa iwe na ubora unaokubalika na ifae kwa matumizi yaliyokusudiwa. Bango la dukani haliwezi kufuta masharti hayo. Mteja aliyebadili mawazo tu hana msingi wa kudai, lakini aliyeuziwa bidhaa mbovu anao, hata kama aliinunua kwa bei ya punguzo.

Vilevile, Tume ya Ushindani ina mamlaka ya kupitia mikataba ya walaji inayoandaliwa na upande mmoja, yaani ile ambayo mteja hukabidhiwa ikiwa imechapwa tayari na hana nafasi ya kuijadili. Masharti kandamizi katika mikataba hiyo yanaweza kulalamikiwa.

Hatua za kuchukua

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ushahidi ndio nguvu ya mlalamikaji, nao hukusanywa kabla ya mgogoro.

Kwanza, hifadhi tangazo lenyewe. Piga picha bango, tunza kipeperushi, hifadhi picha ya ujumbe ulioonekana kwenye simu, na andika tarehe. Tangazo la mtandaoni linaweza kubadilishwa kesho.

Pili, omba jumla ya gharama kwa maandishi. Ujumbe mfupi wa simu unatosha. Muuzaji anayekataa kuandika kile anachokisema kwa mdomo amekwisha kukupa jibu.

Tatu, dai risiti ya mashine ya kielektroniki. Risiti ni wajibu wa kikodi, na pia ni uthibitisho wa nani alikuuzia, lini na kwa bei gani.

Nne, usisaini usichokisoma au usichokielewa. Ikiwa mkataba uko kwa lugha usiyoimudu, omba nakala uende nayo kwa mtu unayemwamini. Wasiomudu gharama za wakili wanaweza kupata huduma kwa mujibu wa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Tano, anza na aliyekuhudumia. Wasimamizi wengi wa sekta humtaka mteja awasilishe lalamiko kwanza kwa mtoa huduma, kisha kwa mamlaka ikiwa hakuridhika. Omba namba ya kumbukumbu ya lalamiko lako na uandike jina la ofisi iliyokupokea.

Mahali pa kuwasilisha lalamiko

Matangazo ya kupotosha, bidhaa mbovu, bidhaa bandia na mikataba kandamizi hupelekwa Tume ya Ushindani, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Kaskazini jijini Arusha. Tume inaweza kuamuru mwenendo usitishwe na aliyeathirika alipwe fidia, na asiyeridhika na uamuzi wake hukata rufaa katika Baraza la Ushindani. Masuala ya simu, vifurushi na intaneti hupelekwa TCRA, ambayo nayo ina ofisi ya kanda Arusha. Malalamiko dhidi ya benki na watoa mikopo hupelekwa Benki Kuu ya Tanzania, yenye tawi jijini hapa. Ya bima huwasilishwa kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA). Utapeli wa wazi ni jinai, na mahali pake ni kituo cha Polisi.

Mwananchi asiyejua aanzie wapi, iwe Usa River, Ngaramtoni au katikati ya jiji, anaweza kwenda kwa Afisa Biashara wa halmashauri yake na kuelekezwa ofisi inayohusika.

Wengi huacha kulalamika kwa kuona kwamba shilingi 5,000 au 10,000 walizopoteza hazistahili nauli ya kwenda ofisini. Lakini ofa ya kupotosha hustawi kwa hesabu hiyo hiyo: kiasi kidogo kutoka kwa kila mmoja, na ukimya wa wote. Lalamiko moja lenye tangazo, risiti na tarehe huiwezesha mamlaka kuchunguza na kuwalinda hata wale ambao hawajafikiwa na ofa hiyo. Wananchi wanakumbushwa kwamba vigezo na masharti huzingatiwa na pande zote mbili: mteja anayafuata anapolipa, na mfanyabiashara anawajibika kuyaweka wazi kabla hajapokea malipo.